Sisi na Watani Wetu: Kiswahili cha Ligi Kuu ya Tanzania Bara katika Vyombo vya Kidijitali

Utangulizi

Tafiti za isimujamii ya Kiswahili zimeshughulika kwa miaka mingi na lugha ya bunge, ya mahakama, ya mahubiri na ya magazeti. Lugha ya kandanda, kwa upande wake, imetazamwa zaidi kama ghala la misimu ya vijana, inayozuka leo na kusahauliwa kesho. Mtazamo huo una upungufu. Bandiko moja la klabu ya Simba au Yanga husomwa kwa saa ile ile na mkulima wa Kahama, mwanafunzi wa Dodoma, mfanyabiashara wa Lubumbashi na Mtanzania aliyehamia Muscat. Matini yenye hadhira pana kiasi hicho inastahili kuchunguzwa kwa makini kama inavyochunguzwa hotuba ya kiongozi.

Mhadhara huu unajadili namna Ligi Kuu ya Tanzania Bara na vilabu vyake vinavyotumia vyombo vya kidijitali kuwafikia mashabiki. Hoja inayotetewa ni kwamba mvuto wa mawasiliano hayo hautokani na mitambo peke yake. Unatokana na mambo mawili yaliyokuwamo katika Kiswahili na katika jamii kabla ya simu za kiganjani kuenea: kiambishi kidogo cha nafsi, yaani tu- ya nafsi ya kwanza wingi, na desturi ya utani. La kwanza hujenga "sisi". La pili hujenga "ninyi" ambao ni wapinzani bila ya kuwa maadui. Aidha, itaonyeshwa kwamba "sisi" ya kwenye simu na "sisi" yenye haki ya kuamua mambo ya klabu si kitu kimoja, na kwamba tofauti hiyo ina uzito kwa watu wanaotoa fedha, muda na mapenzi yao kwa vilabu hivi.

Kutoka redioni hadi kiganjani

Young Africans, maarufu kwa jina la Yanga, iliasisiwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata, 1936, ilizaliwa klabu ambayo baada ya kupitia majina kadhaa, likiwamo Sunderland, ilichukua jina la Simba mwaka 1971. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965. Kwa miongo kadhaa, mtu aliyekuwa mbali na Dar es Salaam alilijua pambano la timu hizo kwa njia ya Radio Tanzania. Mtangazaji alikuwa jicho la taifa zima: alieleza mpira uko upande gani, nani ameuchukua, na mlinda mlango amesimama wapi. Aliwaita watu wake "wapenzi wasikilizaji". Istilahi hiyo inafaa kukumbukwa, kwa sababu neno mpenzi lilimweka msikilizaji katika uhusiano wa hisia, lakini halikumfanya mmoja wa wachezaji. Mtangazaji wa redio ya taifa hakuweza kusema "tumefunga". Alisema "Simba wamefunga", au "Yanga imepata bao".

Utaalamu huo wa redioni haukupotea teknolojia ilipobadilika. Charles Hilary, mtangazaji aliyefariki mwaka 2025, alifanya kazi Radio Tanzania, Idhaa ya Kiswahili ya BBC na baadaye Azam Media. Katika maisha ya kazi ya mtu mmoja inaonekana safari nzima ya rejesta hii, kutoka masafa ya redio hadi picha na programu za simu.

Azam TV ilianza kurusha matangazo mwaka 2013, na michezo ya Ligi Kuu ikawa miongoni mwa bidhaa zake kubwa. Mwezi Mei 2021, Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania na Azam Media walitia saini mkataba wa haki za matangazo ya televisheni wa miaka 10, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mchezo hutazamwa kwa king'amuzi na vilevile kwa programu ya simu. Mwaka huo huo Benki ya NBC iliingia kuwa mdhamini mkuu, na ligi ikabeba jina lake. Pamoja na hayo, kila klabu kubwa ilijijengea kurasa zake katika Instagram, YouTube na mitandao mingine. Badiliko hili ni la msingi. Wakati wa redio, klabu ilihitaji mtu wa kati ili izungumze na shabiki. Sasa klabu yenyewe ndiyo mtangazaji, mhariri na mchapishaji.

Ieleweke pia kwamba idadi ya watu wanaoufuata ukurasa imekuwa mali. Mdhamini halipii tu nembo yake ionekane kifuani mwa mchezaji; hulipia pia ionekane katika kila picha inayobandikwa. Hivyo klabu inahitaji bandiko hata siku isiyo na mchezo, na bandiko linahitaji lugha itakayomfanya msomaji asimame, asome, ajibu na amtumie mwenzake.

Kiambishi tu- na ujenzi wa "sisi"

Tuanze na upatanisho wa kisarufi. Jina la klabu katika Kiswahili hukubali upatanisho wa namna tatu. Gazeti huandika "Yanga imeshinda", likiichukulia klabu kuwa taasisi katika ngeli ya I-ZI. Mzungumzaji wa kijiweni husema "Yanga wameshinda", akiwafikiria wachezaji kama watu. Ukurasa wa klabu huandika "tumeshinda". Tukio ni moja, lakini nafasi ya msemaji katika tukio hilo inabadilika mara tatu.

Umbo la tatu ndilo linalobeba mzigo. Baadhi ya lugha za dunia hutofautisha "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na "sisi" inayomwacha nje. Kimalei, mathalani, kina kita kwa maana ya sisi pamoja nawe, na kami kwa maana ya sisi bila wewe. Kiswahili hakina utengano huo. Anayesoma "tumeshinda" hapewi nafasi ya kujiuliza kama yumo au hayumo. Sarufi inamruhusu ajihesabu ndani. Hakukimbia hata hatua moja uwanjani, lakini kitenzi kimempa ushindi. Hivyo basi, kiambishi cha silabi moja kinafanya kazi ambayo katika lugha nyingine ingehitaji maelezo.

Matumizi haya huimarishwa na maneno ya mahali. Uwanja wa taifa uliofunguliwa mwaka 2007 ulipewa jina la Rais Benjamin Mkapa mwaka 2020. Mashabiki hawakulichukua jina hilo kwa urefu wake rasmi. Waliufupisha ukawa "kwa Mkapa". Kihusishi kwa kikifuatwa na jina la mtu huonyesha nyumbani kwake: kwa babu, kwa shangazi, kwa Mkapa. Uwanja wenye viti takriban 60,000 umegeuzwa boma la mzee mmoja, na bandiko la "tukutane kwa Mkapa" linasomeka kama mwaliko wa shughuli ya ukoo. Inafaa kukumbuka kwamba Simba na Yanga zote zimeutumia uwanja huo kama nyumbani. Mahasimu wamealikwa katika boma moja.

Halikadhalika, vilabu vimejenga sikukuu zao. Simba Day ilianza mwaka 2009, na Wiki ya Mwananchi ya Yanga ikaanza mwaka 2019. Siku hizo wachezaji wapya hutambulishwa mbele ya umati, na picha zake hulisha kurasa za klabu kwa siku nyingi. Hata jina Wananchi, ambalo Yanga hujiita, ni la kujumuisha: klabu moja imejitwalia neno linalomhusu kila raia.

Kinyume chake huonekana timu inapofungwa. Hapo tu- huelekea kunyamaza. Badala ya "tumefungwa", msomaji huarifiwa kwamba mchezo umemalizika, kisha huwekwa tarakimu za matokeo. Kauli ya kutendeka na nomino zisizo na mtenda huchukua nafasi. Sarufi inawajumuisha watu katika furaha na kuwaacha kila mtu peke yake katika huzuni.

Utani kama msingi wa mazungumzo

Hakuna "sisi" bila ya wengine. Katika jamii za Tanzania, utani ni uhusiano wenye kanuni. Wapo watani wa makabila, kama Wangoni na Wahehe, ambao babu zao walipigana katika karne ya 19. Wapo watani wa ukoo, kama wajukuu na mababu. Mtani anaweza kuchukua kitu chako, kukukejeli msibani, au kudai umlipe faini, nawe huna haki ya kukasirika. Lakini mtani huyo huyo ana wajibu. Msibani anayechekesha ndiye pia anayesaidia kazi za mazishi. Utani ni leseni yenye mkataba.

Simba na Yanga huitwa "watani wa jadi". Jina hilo halikuchaguliwa ovyo. Wangeweza kuitwa mahasimu pekee, kama ilivyo kwa timu za nchi nyingi. Kwa kuitwa watani, waliwekwa chini ya kanuni zinazojulikana: kejeli inaruhusiwa, kinyongo hakiruhusiwi. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina baba wa Simba na mama wa Yanga, na ndoa haivunjiki kwa mabao.

Utani huo una kumbukumbu yake, na kumbukumbu hiyo huhifadhiwa kwa tarakimu. Mwaka 1968 Yanga ilishinda 5-0. Mwaka 1977 Simba ilijibu kwa 6-0. Mwaka 2012 Simba ilishinda 5-0, na tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ikashinda 5-1. Zamani, mtu alihitaji kumbukumbu ya mzee kuyataja matokeo hayo. Katika vyombo vya kidijitali, kiganja kilichonyooshwa vidole vitano kinatosha. Baada ya mchezo wa 2023, salamu ya kawaida ya mkono iligeuka kuwa kejeli, na mtu wa Simba alijua ameambiwa nini bila neno kutamkwa.

Majina ya kutaniana nayo yana sarufi ya kuvutia. Watu wa Yanga huwaita watani wao Makolo. Watu wa Simba huwaita wenzao Utopolo. Katika Makolo, kiambishi ma- kinafanya kazi yake inayojulikana ya kukuza na kudunisha, ingawa upatanisho hubaki wa viumbe hai: "Makolo wamefungwa". Katika Utopolo, kiambishi u- kimewatoa watu katika utu na kuwatia katika ngeli ya hali na dhana, kama ilivyo katika upuuzi na ujinga. Neno hili la pili limevuka mipaka ya uwanja. Leo hutumika kwa jambo lolote lisilo na thamani, hata na mtu asiyefuata mpira. Hapo ndipo inapoonekana kwamba misimu ya kandanda haifi yote. Mingine huingia katika lugha ya jumla na kukaa.

Vilevile kuna majina ya sifa, yenye asili ya majigambo. Clatous Chama, mchezaji kutoka Zambia, aliitwa Mwamba wa Lusaka. Fiston Mayele, kutoka Kongo, alipokuwa Yanga alishangilia mabao kwa mtetemo wa mwili, na kitenzi kutetema kikawa na maana mpya: kufunga bao. Wachezaji wageni hupewa uraia wa lugha kabla hata hawajaizoea.

Msemaji wa klabu na tambo zake

Mtu aliye katikati ya shughuli hii ni msemaji wa klabu. Kwa cheo ni ofisa habari. Kwa kazi ni zaidi ya hapo: ni manju anayeongoza kejeli. Haji Manara aliifanya kazi hiyo Simba kuanzia mwaka 2015 hadi 2021, kisha akahamia Yanga mwaka huo huo. Uhamisho huo ulijadiliwa kwa uzito wa uhamisho wa mshambuliaji. Waliomfuata katika kazi hiyo, Ahmed Ally kwa Simba na Ally Kamwe kwa Yanga, nao walikuwa wametoka katika uandishi na utangazaji wa michezo.

Mbinu zao si ngeni kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi. Kuna chuku, kuna takriri, kuna kumtaja mtani bila ya kumtaja jina, kuna kisimulizi kifupi kinachoishia katika fumbo. Kanga hufanya kazi ile ile: msemo huvaliwa mbele ya jirani, na anayehusika anajua. Tofauti ni kwamba kanga husomwa na mtaa, na bandiko husomwa na nchi.

Utani unapokosa mtani

Hapa ndipo penye tatizo. Utani wa asili unataka masharti mawili: wahusika wawe wamekubalika kuwa watani, na kila mmoja awe na nafasi ya kujibu. Mtandaoni masharti yote mawili hulegea. Kejeli iliyoandikwa kwa ajili ya mtani humfikia mwamuzi, mke wa mchezaji, au mlinda mlango kijana aliyefanya kosa moja. Hawa hawakuingia katika mkataba wowote. Mwamuzi hawezi kumjibu mtu kwa utani bila ya kupoteza heshima ya kazi yake. Anayekejeliwa na maelfu ya watu asiowajua hana watani, ana umati. Kwa hiyo maneno yale yale, yakihama kutoka kijiweni hadi kwenye ukurasa wa wazi, yanaweza kuacha kuwa utani na kuwa matusi, ingawa hakuna silabi iliyobadilika. Kigezo si neno lenyewe, bali ni uhusiano wa wanaolitumia.

Taarifa kwa umma na kutoweka kwa "sisi"

Tanzu nyingine inayohitaji kuangaliwa ni barua iitwayo "taarifa kwa umma". Hii ni barua rasmi yenye nembo, tarehe na saini, inayopigwa picha na kubandikwa mtandaoni. Lugha yake ni ya ofisini: nafsi ya tatu, kauli ya kutendwa, marejeo ya vifungu vya kanuni. Hakuna tu- ya sherehe, wala mtani.

Mfano ulio wazi ni wa Machi 2025. Pambano la watani lilipangwa kuchezwa tarehe 8 Machi kwa Mkapa. Simba ilitangaza kwamba haitacheza, ikieleza kuwa ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani hapo usiku uliotangulia, haki ambayo kanuni huipa timu ngeni. Bodi ya Ligi iliahirisha mchezo siku hiyo hiyo. Yanga ilipinga uahirishaji. Mchezo ulichezwa hatimaye tarehe 25 Juni 2025, na Yanga ikashinda 2-0. Katika siku zile za mvutano, mashabiki, wakiwamo waliosafiri kutoka mikoani, walizipata habari kwa njia ya barua zilizobandikwa. Watu waliokuwa "sisi" wiki nzima ya matangazo walijikuta wamekuwa "umma", yaani wanaoarifiwa.

Mpenzi, mwanachama, mfuasi

Msamiati wa uhusiano kati ya klabu na watu wake unaeleza jambo hilo vizuri. Redio ilikuwa na mpenzi. Katiba ya klabu ina mwanachama, mwenye kadi, ada na kura. Mtandao umeleta mfuasi, neno lililokuwa likihusishwa zaidi na dini na siasa. Mpenzi anahisi, mwanachama anaamua, mfuasi anahesabiwa.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Vilabu hivi vilianzishwa na wanachama, na mjadala wa kuvigeuza kuwa kampuni ulipopamba moto katika miaka ya 2010, serikali iliweka kiwango: wanachama wabaki na asilimia 51 ya hisa, na wawekezaji wasizidi asilimia 49. Kanuni hiyo inamlinda mwanachama, haimtaji mfuasi. Hata hivyo, mfuasi ndiye ambaye idadi yake huuzwa kwa wadhamini. Mwaka 2017 kampuni moja ya kubashiri matokeo ilizidhamini Simba na Yanga zote mbili. Tangazo la kubashiri lina nafsi yake ya kisarufi: humwita msomaji kwa umoja, kwa vitenzi vya kuamrisha kama bashiri, weka, shinda. Katika ukurasa mmoja, kijana hujumuishwa katika "tumeshinda", kisha hutengwa na wenzake na kuambiwa ajaribu bahati yake peke yake. Mkeka ukichanika, kama wasemavyo vijana kwa ubashiri ulioharibika, hakuna anayesema "mkeka wetu".

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mafanikio ya Ligi Kuu ya Tanzania Bara katika kuwafikia mashabiki yamesimama juu ya rasilimali za Kiswahili: kiambishi kinachomjumuisha msikilizaji bila ya kumwuliza, kihusishi kinachogeuza uwanja kuwa nyumbani, na desturi ya utani inayoruhusu ushindani bila ya uadui. Mitambo imenunuliwa kutoka nje. Lugha inayoifanya ifae imetoka ndani.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, mabandiko haya yahifadhiwe. Matangazo mengi ya soka ya enzi za redio yalipita hewani yasirudi. Maandishi ya kidijitali nayo hufutwa ukurasa unapofungwa au msemaji anapohama. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu zinaweza kukusanya kongoo ya matini za ligi kwa gharama ndogo, na wanafunzi wa uzamili wakapata data hai ya mofolojia na ya fasihi simulizi. Pili, vilabu vinavyotumia tu- siku ya ushindi vinapaswa kuitumia pia siku ya hesabu: taarifa za fedha, mabadiliko ya katiba na sababu za maamuzi ziandikwe kwa Kiswahili kile kile chepesi kinachotumika kumtania jirani. Shabiki aliyefundishwa kila siku kusema "sisi" ana haki ya kuuliza "sisi" hiyo ina kura ngapi.